FUNDI WA BEI YA CHINI: PUNGUZO HUTOKA WAPI?

Wenzangu wengi katika jarida hili la Chama cha Kiswahili hutuletea mashairi, ngonjera na vitendawili, nami huwasoma kwa furaha. Leo mimi sikuleta shairi. Nimeleta hesabu niliyoifanya nikiwa Kidato cha Kwanza, nikaikosea, na kosa lile likalipiwa na bibi yangu. Naiandika kwa sababu najua kwamba wengi wenu ndio mnaoitwa nyumbani karatasi za mafundi zikiletwa. "Wewe unayesoma, hebu tuangalizie, yupi ana bei nzuri?" Nami niliitwa hivyo hivyo.

Nyumba ya bibi iko Malindi. Ni nyumba ya kawaida ya huku kwetu: kuta za mawe ya matumbawe, paa la mabati, na mbele kuna baraza iliyofunikwa kwa slebu ndogo ya zege, urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5. Kufikia mwaka 2023 mabati yalikuwa yameliwa na kutu, maana upepo wa bahari hauna huruma na bati. Lipu ya ukuta wa mbele ilikuwa imebambuka, na ile slebu ilikuwa na ufa wa kuingia kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo tumeiandikia insha sisi sote, na bibi anaijua kabla hatujazaliwa. Alikuwa na akiba yake aliyoiweka kidogo kidogo kwa ajili ya kwenda Umra. Akasema nyumba itengenezwe kwanza, na kitakachobaki ndicho atakachoanzia kuweka tena.

Mamangu akaita mafundi watatu. Wa kwanza alikuwa mwanakandarasi mwenye ofisi na muhuri. Akataka shilingi 312,000. Wa pili alikuwa mzee mmoja aliyejenga nyumba nyingi mtaani, naye akataka 268,000. Wa tatu alikuwa kijana mchangamfu aliyeletwa na jirani. Alizunguka nyumba kwa dakika kumi, akagonga ukuta hapa na pale, akasema, "Hii kazi ndogo mama, wiki mbili nimekwisha." Bei yake 165,000.

Nilichukua kalamu nikatoa. 268,000 toa 165,000 ni 103,000. Nikaandika jawabu na kulipigia mistari miwili chini, kama tulivyofundishwa. "Mama, huyu wa tatu anatuokolea elfu mia na tatu!" Mamangu akanitazama kwa fahari kubwa. Yule mwenye muhuri hatukumfikiria hata kidogo. Siku ya pili kijana akapewa arbuni ya shilingi 100,000.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Kutoa kwangu kulikuwa sahihi, hata mwalimu wa Hisabati angenipa alama. Kosa lilikuwa kabla ya kutoa. Nilichukulia kwamba namba zile tatu ni bei za kitu kimoja. Hazikuwa hivyo. Miaka miwili baadaye nilizitoa karatasi zile kabatini nikazisoma upya. Ya mzee ilikuwa na mistari kumi na saba: mifuko mingapi ya simiti, mchanga wa mto lori ngapi, mabati ya geji 28, misumari ya bati yenye raba, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, nondo za unene gani, mpaka siku za kumwagilia zege maji alikuwa ameziandika na kuzitia bei. Karatasi ya kijana ilikuwa na mstari mmoja: "Kazi ya nyumba ya bi mkubwa, vifaa na ufundi, 165,000. Asante." Mimi siku ile niliangalia mwisho wa kila karatasi tu, pale penye jumla.

Tujiulize basi, fundi anapopunguza bei, punguzo lile hulitoa wapi? Bei ya kazi ina vifaa, ujira wa fundi na vibarua wake, usafiri, na faida. Wenye ofisi huongeza kodi, leseni na pango la ofisi. Fundi hana uwezo wa kushusha bei ya simiti. Mfuko wa kilo 50 anauziwa dukani karibu sawa na utakavyouziwa wewe. Kwa hivyo bei yake ikiwa chini sana kuliko ya wenzake, ama ametia mifuko michache, ama ametia vifaa duni, ama anawalipa vibarua wake kidogo na kuchukua wasiojua kazi, ama kuna kazi ambayo hakuitia katika hesabu. Nakiri kwamba kuna punguzo la halali. Fundi anayeishi karibu, mwenye ngazi na mbao zake mwenyewe, asiye na ofisi ya kulipia, anaweza kweli kukufanyia nafuu. Na bei kubwa pia si dhamana ya kazi nzuri, kwani wapo wanaotoza muhuri tu. Lakini nafuu ya namna hiyo ni ya elfu kumi, ishirini. Elfu mia na tatu katika kazi ya laki mbili na kitu ni lazima iwe imetoka ndani ya ukuta.

Nitaanza na simiti, kwa sababu hapa mwanafunzi yeyote anaweza kumkagua fundi kwa kalamu. Slebu ya baraza ilikuwa mita 4 kwa 1.5, na unene wake sentimita 10. Ujazo wake ni 4 mara 1.5 mara 0.1, yaani mita za ujazo 0.6. Vifaa vikavu vikichanganywa na maji hushikana na kupungua ujazo, kwa hivyo huhitajika zaidi, na mafundi huzidisha kwa takriban 1.54. Tunapata 0.92. Kipimo cha kawaida cha slebu ndogo kama hii ni 1:2:4: simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Jumla ya mafungu ni saba. Gawa 0.92 kwa 7 upate simiti ya mita za ujazo 0.13. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa karibu 0.035. Jawabu ni mifuko 3.8, yaani minne. Bibi, ambaye siku zile alikaa nje akitazama kazi kutwa nzima, anakumbuka vizuri kwamba waliopasua mifuko ya slebu walipasua miwili. Mimi nilikuwa shuleni, na hata ningekuwapo nisingejua kwamba miwili ni michache. Zege likimwagwa halionyeshi. Lina rangi ile ile ya kijivu, na likipigwa mwiko juu huwa laini na la kupendeza.

Jambo la pili ni mchanga, na hili ni letu sisi wa pwani hasa. Mchanga wa mto huja kwa lori na hununuliwa. Hapa Malindi wengi hutumia ule wa Mto Sabaki. Mchanga wa bahari uko pale ufuoni, na usiku toroli hujaa bila malipo. Ubaya wake ni chumvi. Tumesoma katika Kemia kwamba chuma hushika kutu kikipata maji na hewa, na kwamba chumvi huharakisha kutu. Ndani ya zege zuri nondo hulindwa, kwa sababu simiti ni besi na hufanya ngozi nyembamba juu ya chuma isiyoruhusu kutu. Chumvi huitoboa ngozi hiyo. Kisha kuna jambo ambalo sikulijua hata kidogo: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Nondo hufura ndani ya zege, na kwa kuwa haina pa kwenda, hulisukuma zege mpaka likapasuka kutoka ndani. Ukiona chini ya slebu mstari wa ufa unaofuata njia ya nondo, na madoa ya rangi ya chai, ujue kazi hiyo imeanza.

Nondo nazo zina adabu yake. Zisilale juu ya mbao za kumwagia zege, bali ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, ili chini yake papite zege la karibu inchi moja. Biskuti hazigharimu kitu. Ni kuzitengeneza mapema tu na kuzisubiri zikauke. Lakini fundi mwenye kazi tatu kwa wiki moja hana subira ya biskuti.

Wala hana subira ya maji. Watu hudhani zege hukauka kama nguo. Sivyo. Simiti huungana na maji na kugeuka jiwe, na kazi hiyo huendelea siku nyingi. Nguvu yake huhesabiwa siku ya 28. Ikikosa maji siku za mwanzo, hubaki dhaifu daima, hata ukiimwagilia mwezi mzima baadaye. Kwa hivyo inatakiwa kumwagiliwa angalau siku saba, na katika jua letu zaidi ya hapo. Mbao za kushikilia slebu nazo zisitolewe upesi, angalau wiki mbili. Kijana wetu alizitoa siku ya tano. Alizihitaji kwenye kazi nyingine.

Juu ya mabati nitasema kwa ufupi. Geji ni kinyume cha tunavyozoea: namba ikikua, bati huwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Ukitazama kutoka chini yote ni bati jeupe linalong'aa.

Haya, kazi ilianza Agosti 2023, nasi tukiwa likizo. Wiki ya kwanza mabati ya zamani yakateremshwa yote. Wiki ya pili fundi hakuonekana. Wiki ya tatu akaja, akasema vifaa vimepanda, anahitaji nyongeza ya shilingi 22,000. Mamangu akasema, "Fundi, si tulikubaliana bei?" Akajibu kwa adabu kabisa, "Mama, mimi siwezi kufanya kazi ya hasara. Kama huna, nitasubiri." Asubiri vipi, na bibi analala chini ya turubai? Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo halimo katika hesabu yoyote. Siku ya kutaja bei mwenye nyumba ndiye mwenye usemi, kwa sababu anaweza kwenda kwa mwingine. Paa likishateremshwa na arbuni ikishaliwa, usemi umehamia kwa fundi. Wapo wanaotaja bei ya chini siku ya kwanza kwa sababu wanajua siku hiyo ya pili inakuja. Tukatoa.

Novemba ile ilikuja mvua ya El Nino, nyinyi nyote mnaikumbuka. Misumari haikuwa na raba, kwa hivyo kila tundu la msumari lilikuwa bomba. Usiku mmoja upepo ukainua mabati matatu ya upande wa bahari, moja tukaliokota kwa jirani. Fundi tulimpigia simu, akasema atakuja kesho. Kisha simu ikawa haipatikani. Januari 2024 tulilipa shilingi 64,000 kwa mtu mwingine kufunga paa upya na kubadilisha mbao mbili zilizokuwa zimeanza kuliwa na mchwa, maana hazikutiwa dawa.

Slebu ilingoja mpaka Machi 2025. Bibi ana desturi ya kukaa barazani baada ya sala ya alfajiri, akivuta tasbihi yake mpaka jua litoke. Siku hiyo alikuwa na mafua akachelewa kutoka. Tulisikia kishindo, tukadhani ni mnazi umeanguka. Kilikuwa kipande cha chini ya slebu, kikubwa kama meza ya darasani, kimeangukia pale pale penye mkeka wake.

Tukamwita yule mzee wa 268,000. Nilimwamkia shikamoo huku nikitazama chini. Hakusema neno la "niliwaambia." Alichukua kipande kimoja, akakivunja kwa nyundo ndogo, na nyundo yenyewe haikuhitaji nguvu. Ndani mlikuwa na vipande vya makombe ya baharini. Akanionyesha nondo, nusu yake chuma, nusu unga mwekundu. "Mjukuu wangu," akasema, "mchanga ukiletwa, kabla hujamlipa mwenye lori, tia chembe ulimini." Tangu siku hiyo nimeonja michanga mingi, nyumbani huniita paka. Alinifundisha pia kutia mchanga katika chupa ya maji, kuitikisa na kuiacha itulie. Ukiona tope nene juu ya mchanga, huo haufai kwa zege.

Kuivunja slebu, kumwaga nyingine na kupiga lipu mpya ukuta wa mbele, kwa sababu lipu nayo ilikuwa ya mchanga ule ule, kulitugharimu shilingi 118,000. Jumlisha nami: 165,000 na 22,000 na 64,000 na 118,000. Ni 369,000. Hata yule mwenye muhuri tuliyemkimbia alikuwa ametaka 312,000. Na ukitoa bei ya mzee, tulizidisha shilingi 101,000, karibu zile zile nilizojisifu kwamba nimeziokoa. Akiba ya Umra ilikwisha kabla ya lipu kukauka. Bibi hajanilaumu hata siku moja, na nadhani angenilaumu ningepata nafuu.

Pengine utasema huyu anatukuza jambo dogo la baraza. Basi tutazame makubwa. Tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa kando ya mto bila kibali. Tarehe 23 Septemba 2019 darasa la ghorofa la shule moja ya msingi huko Dagoretti, Nairobi, liliangukia wanafunzi asubuhi, na wanane wakafariki. Sisemi kwamba kila jengo linaloanguka lilijengwa na fundi wa bei ya chini. Makosa ya majengo huwa mengi pamoja: kibali, udongo, mchoro, tamaa ya mwenye jengo. Ninachosema ni kwamba kinachopunguzwa ni kile kile kisichoonekana, iwe ni ghorofa sita au ni baraza ya bibi.

Serikali yenyewe imelifikiria jambo hili. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kazi yake mojawapo ni kuandikisha wanakandarasi na kuwatambua mafundi wenye ujuzi, kwa hivyo si utovu wa adabu kumwuliza mtu kama ameandikishwa. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, ambayo zabuni za serikali hufuata, haisemi tu kwamba mwenye bei ya chini apewe kazi. Kwanza hutazamwa ni nani ametimiza masharti yote ya kazi. Asiyetimiza huondolewa, hata bei yake iwe ya kutupa. Ndipo bei za waliobaki hulinganishwa. Mimi nilianza na kulinganisha, na masharti sikuwa nayo, kwa sababu hatukuwa tumeandika popote tunataka nini.

Hapo ndipo penye dawa, kwa maoni yangu. Mwenye nyumba ndiye aandike orodha ya kazi, si fundi. Orodha moja, kila fundi apewe nakala yake, atie bei mbele ya kila mstari. Bati la geji gani, zege la kipimo gani, mchanga wa wapi, nani anaondoa kifusi, maji yatamwagiliwa siku ngapi. Kama hujui vipimo, mwombe fundi mmoja mzee akusaidie kuiandika na umlipe kwa shida yake. Shilingi elfu mbili au tatu za hapo si hasara. Karatasi zikirudi usitazame chini penye jumla. Tazama mstari kwa mstari, na ukiona fundi mmoja amekuwa rahisi ghafla katika mstari wa simiti, muulize mifuko ni mingapi, kisha piga ile hesabu ya saba niliyokuonyesha. Nenda ukaone kazi aliyoifanya miaka mitatu iliyopita, si ya mwezi jana, kwa maana ya mwezi jana hata slebu yetu ilikuwa nzuri. Na malipo yaende na kazi: kidogo cha kuanzia, kingine paa likikamilika, kingine lipu. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi ni desturi kuzuia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 10, kwa miezi kadhaa baada ya kazi kwisha, ili kasoro zikitokea fundi awe na sababu ya kurudi. Kijana wetu hakuwa na sababu yoyote ya kushika simu.

Tangi la maji la bibi sasa linavuja, na Agosti inakaribia. Safari hii niliandika orodha mwenyewe, mistari kumi na tisa, mzee akanisahihishia mitatu. Mamangu amewapa mafundi watatu nakala. Wawili wamezirudisha zimejazwa. Wa tatu alituambia yeye ni mtu wa kazi, hana wakati wa karatasi, lakini bei yake itakuwa chini ya wote.